Baiskeli ya Kike ya Baba

Kuna mlio mmoja ambao mpaka leo nikiusikia nasimama. Ni ule tiki-tiki-tiki wa gurudumu la nyuma, mtu anaposhuka kwenye baiskeli na kuanza kuisukuma. Siku hizi hapa Mpanda mjini ni mlio wa nadra, pikipiki zimeumeza. Lakini asubuhi moja muuza maziwa alipita nyuma ya jiko langu akiikokota ya kwake kwenye mchanga, nami nikajikuta nimeduwaa na kisu mkononi, kitunguu kimekatwa nusu, machozi yananitoka. Wanangu walidhani ni kitunguu. Niliwaacha wadhani hivyo, maana hadithi yenyewe ni ndefu, na wewe msomaji una subira kuliko wao.

Nilizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wangu walifikishwa pale wangali vijana, wametoka Burundi na vile walivyoweza kubeba kichwani, wakapewa jembe, panga na pori. Nilipopata akili, pori lilikuwa limeshakuwa mashamba ya mahindi na tumbaku, na barabara za vijiji zimenyooka kama zimepigwa rula. Sikujua ukimbizi ni kitu gani. Nilijua tu kwamba kwenda Mpanda kulihitaji kibali, na kwamba watu wa kwetu walisalimiana kwa muda mrefu mpaka chai inapoa.

Nyumbani tulikuwa baba, mama, kaka yangu Simoni na mimi, kitinda mimba. Kwa kuwa Simoni ndiye wa kwanza, baba aliitwa Baba Simoni na mama Mama Simoni, hata wao kwa wao. Mimi Godeliva sikuwa na mtu mzima hata mmoja wa kuitwa kwa jina langu, na jambo hilo liliniuma kuliko unavyoweza kudhani.

Nilikuwa darasa la tatu, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, tumbaku yetu ilipotoka vizuri kupita misimu yote. Majani yalikauka bila madoa kwenye bani, kile kibanda cha udongo cha kukaushia kwa moto, yakawa na rangi ya asali. Tulipouza, baba alitangaza tukiwa tunakula ugali wa muhogo na maharage kwamba mwaka huu tunanunua baiskeli.

Mtu aliyekulia kwenye pikipiki hawezi kuelewa neno lile lilivyotua. Baiskeli ndiyo iliyobeba tumbaku mpaka ghalani, mahindi mpaka mashineni, mgonjwa mpaka zahanati na bibi harusi mpaka kwa mumewe. Ukinunua isiyofaa, umejifunga nayo kwa miaka, kama mtu aliyeoa kwa haraka. Kwa hiyo kila mtu akawa mtaalamu. Baba mdogo Melkiori, mdogo wake baba aliyekaa nyumba ya pili, alisema hapana mjadala: ya Kihindi, nyeusi, yenye mabomba mawili juu na keria pana.

"Ile unapakia marobota mawili ya tumbaku na mke juu yake," alisema, "na haijui kulalamika."

Simoni, aliyekuwa karibu kumaliza shule ya msingi, alitaka ya gia, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, aliyoiona kwa mwalimu mgeni. Baba mdogo akamwambia ile ni baiskeli ya mtu asiye na shamba. Mimi nilitaka yoyote, ilimradi iwe na kengele. Mama aliulizwa mwisho, akajibu kwamba anaomba tu keria isiwe na vyuma vya kumchoma.

Hakuwa anatania, maana keria ndiyo ilikuwa nafasi yake. Wazee wetu walikuja na miiko yao kutoka kwao: mwanamke hapandi paa kuezeka, hakami ng'ombe, hapigi ngoma. Baiskeli haikuwepo walipopanga miiko hiyo, nadhani iliongezwa njiani. Mwanamke alikaa nyuma, miguu yote upande mmoja, mkono mmoja umeshika kiti cha mumewe na wa pili umeshika mtoto au kuku. Nami nilijua kwamba nikikua nitakaa hivyohivyo.

Baba aliwasikiliza wote, akakohoa, akasema tutaona.

Niseme hapa wazi, nisije nikakuzungusha: baba alikuwa mgonjwa. Kikohozi kilianza msimu wa nyuma na sote tulikilaumu moshi wa bani. Alikwenda hospitali Mpanda zaidi ya mara moja, akirudi na vidonge na maneno yaleyale, kwamba wamesema atapona taratibu. Tulimwamini. Alikuwa mtu wa mizaha, na mtu wa mizaha ni vigumu kumdhania kifo.

Siku chache kabla ya safari ya dukani alimkuta mama amesimama uani anapepeta maharage. Akachukua kamba ya katani, ile tuliyofungia tumbaku, akachuchumaa, akampima kuanzia kiunoni mpaka kisiginoni, kisha akafunga fundo. Mama alimtazama kwa juu ya ungo.

"Unanipimia jeneza, Baba Simoni?"

"Nakupima urefu. Nimekaa na wewe miaka yote hii, urefu wako siujui."

Mama akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta. Baba aliitia kamba mfukoni akaenda zake huku akipiga mluzi.

Tulikwenda Mpanda na lori, baba, baba mdogo na mimi niliyechukuliwa kwa sababu nililia mpaka nikawa kero. Duka lilinuka mpira mpya na grisi. Baiskeli zilisimama zimebanana, fremu zake bado zimeviringishwa karatasi za kahawia. Mwenye duka, Mnyamwezi mnene aliyevaa koti kwenye joto lile, alituuliza swali ambalo tangu siku ile nimelisikia nikiwa nanunua hata viatu.

"Mnaitaka ya kazi gani?"

"Ya tumbaku," baba mdogo akajibu kabla ya baba.

Ile nyeusi ikashushwa. Baba aliinyanyua, akaikandamiza keria kwa viganja vyote viwili, akazungusha pedeli na kusikiliza kama daktari. Akasema ni baiskeli nzuri sana. Kisha akatoa kamba mfukoni, akaipima kutoka kwenye kiti mpaka kwenye pedeli ya chini. Kamba haikufika. Akahamia ya pili, akahamia nyingine, baba mdogo anamfuata kwa macho, mpaka akafika kwenye kona ilipokuwa ya kike, ya bluu, bomba lake limeinama chini badala ya kukatiza juu, na gurudumu la nyuma limefungwa wavu ili sketi isinaswe. Pale kamba ikakaa barabara.

"Mzee, hiyo nawauziaga masista na manesi," mwenye duka akasema.

"Inabeba nini?"

"Inabeba sista."

Baba alicheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. Alipotulia akaanza maswali. Mtu mfupi akisimama ghafla, mguu unafika chini? Cheni ikichomoka, asiye na nguvu ataweza kuirudisha? Akipakia debe la unga, itamyumbisha? Vipuri vinapatikana hapahapa au mpaka Tabora? Hakuuliza hata mara moja kuhusu marobota. Baba mdogo alimvuta mkono, wakaongea Kirundi kwa sauti ya chini. Nilisikia baba mdogo akisema tutachekwa. Nikamsikia baba pia, maana hakujali kunong'ona.

"Ile nyeusi inataka mwanaume wa kuiendesha. Hii inataka mtu tu."

Tulichekwa kweli. Kabla hata hatujafika nyumbani baiskeli ilikuwa imeshapewa jina, Sketi ya Chuma. Wanaume walimuuliza baba kama na yeye sasa atafunga kitenge. Baba aliipanda mwenyewe barabarani, magoti yakija mpaka karibu na kidevu kwa ule ufupi wa kiti, akapiga kengele, akawapungia mkono. Simoni alikataa kuigusa. Marobota yetu yaliendelea kubebwa na baiskeli ya baba mdogo, ambaye aliyabeba bila kusema neno, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko mzigo.

Mama alikuja akasimama mlangoni mwa jiko. Aliitazama baiskeli, akalitazama lile bomba lililoinama, kisha akamtazama baba kwa muda mrefu. Akarudi ndani, na siku ile maharage yaliungua, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mama yangu. Nilidhani ana hasira kwa ajili ya aibu.

Baba akasema, "Utajifunza, Mama Simoni."

"Oya," mama akajibu, na kwa Kirundi hiyo ni hapana isiyo na mlango.

Lakini baba alikuwa na maneno matamu, na mwisho mama alikubali. Basi kila jioni jua likipoa, wakitoka shamba, mama alijifunga kitenge kwa fundo la pembeni, akapanda. Baba alishika kiti kwa nyuma akakimbia naye, kwenye ile barabara iliyonyooka kutoka kwetu mpaka njia panda ya kanisa.

"Angalia mbele, usiangalie chini. Baiskeli inakwenda unakoangalia."

"Shika, usiachie."

"Nimeshika."

Walikwenda kidogo, usukani ukaanza kucheza, na mama akaangukia kwenye nyasi. Kila mara kwenye nyasi, hata siku moja si kwenye kokoto. Baba alimwinua, akamfuta vumbi magotini, kisha tiki-tiki-tiki, akaisukuma baiskeli mpaka mwanzo wa barabara na kumwambia haya, tuanze tena. Watoto wa kijiji tulijaa pembeni kama kwenye mpira. Tulicheka kwa moyo wote. Hiyo ndiyo ilikuwa burudani yetu, na sidhani kama nimewahi kuwaona wazazi wangu wakishikana na kuongea kiasi kile.

Wanawake nao walianza kuja na mikeka yao kutazama. Jirani yetu Mama Yudita, mwanamke mwenye mwili na maneno, akaomba kujaribu. Siku ya kwanza alianguka, ya pili akayumba, na haikupita hata wiki akawa anakwenda mashineni na kurudi, kitenge kikipepea, watoto wanamkimbiza. Wengine wawili wakamfuata. Ila mama, mwenye baiskeli, aliendelea kuanguka. Baba alimwambia kichwa chake kigumu kama kisiki cha mninga. Hakuchoka naye. Alisema siku atakayofika njia panda peke yake na kurudi, kazi yake kama mwalimu itakuwa imekwisha.

Mvua zilipokaribia, kukimbia kwa baba kukawa kutembea. Halafu ikawa kusimama, ameegemea mti, anaelekeza kwa fimbo. Alikonda mpaka koti lake likawa kama limetundikwa. Akamwita Simoni ashike kiti badala yake, na Simoni, aliyekuwa ameshaisahau aibu yake kwa hofu aliyokuwa nayo, alikuja mbio. Lakini mama alisema hashikwi na mtoto. Baiskeli ikaegemezwa ukutani sebuleni, karibu na kitanda cha baba kilichohamishiwa pale, na masomo yakakoma.

Nadhani hicho ndicho kilichomuumiza baba kuliko kifua. Mchana mmoja nilikuwa nje ya dirisha, namenya muhogo, nikamsikia.

"Mama Simoni, katika maisha yote haya nimekuomba kitu kimoja tu."

"Umeniomba vingi."

"Basi hiki ndicho cha mwisho. Nataka nikuone kwa macho yangu ukifika njia panda."

Kisha nikasikia ile tiki-tiki-tiki ikitoka sebuleni. Mama alitoka na baiskeli, akarudi kumbeba baba, maana kwa wakati ule aliweza kumbeba, akamlaza kwenye mkeka penye kivuli cha nyumba, mgongo umeegemea ukuta. Akafunga kitenge. Akapanda. Hakuyumba. Alikwenda mgongo umenyooka, macho mbele, akawa mdogo kule kwenye njia panda, akageuka na kurudi, akapita mbele yetu akipiga kengele kwa sababu baba alimwashiria apige. Baba alikuwa anacheka. Alipiga makofi, ingawa hayakutoa sauti. Mimi na Simoni tuliruka na kushangilia.

Mama aliegemeza baiskeli, akapita moja kwa moja kwenda nyuma ya bani. Nilimfuata nikamkuta ameketi chini, amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge, analia kwa kujikunja. Nilidhani analia kwa furaha, kwani nilikwisha kusikia kwamba watu wazima hufanya hivyo.

Baba alifariki kabla wiki haijaisha, asubuhi, mvua inanyesha.

Kwetu nyumba yenye msiba haishiki jembe mpaka siku za maji, yaani za kuomboleza, zipite, ndipo wafiwa wananawa na kurudi kwenye kazi. Miche yetu ya tumbaku ilikuwa imeiva kitaluni na haikuwa ya kungoja. Baba mdogo na majirani, walewale waliokuwa wanauliza habari za kitenge, waliihamishia shambani bila kuombwa. Siku tuliyonawa, mama alijifunga kitenge, akapakia debe la mahindi kwenye keria, akaondoka kwenda mashineni. Hakuna aliyecheka.

Tuliishi kwa baiskeli ile. Mama aliacha tumbaku, akawa anachukua dagaa mjini na kuwauza kwenye magulio ya vijiji, leo huku, kesho kule. Simoni alipougua malaria iliyompanda kichwani, ni mama aliyemfikisha zahanati, kamfunga mgongoni kwake kwa kitenge ingawa alikuwa kijana mkubwa. Mjane mmoja jirani yetu aliachiwa baiskeli kama ile nyeusi ya mabomba mawili. Ilisimama ndani, kuku wanailalia, mpaka shemeji zake walipoichukua. Nilipofika umri wa kufikiri nililiona jambo hilo, nikaelewa baba alinunua nini siku ile dukani. Alichagua baiskeli ya siku ambazo yeye hatakuwepo. Nililia upya wakati huo, na nikadhani nimeielewa hadithi yote.

Sikuwa nimeielewa. Miaka mingi baadaye, nimeshaolewa huku mjini, mama alikuja kunisaidia nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Tulikuwa tumeketi kibarazani, yeye amempakata mtoto, nikaanza kumtania habari za zamani. Nikamwambia katika wanafunzi wote wa barabara ile, yeye alikuwa wa mwisho darasani, hata Mama Yudita na mwili ule alimshinda.

Mama alimpangusa mtoto mdomo.

"Mimi nilijua kuendesha kabla ya Mama Yudita," akasema. "Wiki ile ya kwanza."

"Sasa mbona ulikuwa unaanguka?"

"Niliiona baiskeli ile, nikajua imenunuliwa ya mjane. Hakuniambia mtu. Basi nikawaza, nisipojua kuendesha, huyu ataondokaje?"

Nilifikiria zile jioni zote, yale maanguko yaliyotuvunja mbavu, kila mara mama alianguka kwa makusudi, kwenye nyasi, ili baba awe na kazi ambayo haijaisha. Nikaifikiria na siku ile aliyoendesha bila kuyumba, tukashangilia. Sisi watoto tulimwona mama akishinda, kumbe alikuwa anamwachilia baba aende. Nilimchukua mtoto kutoka mikononi mwake, sijui kwa nini, labda nilitaka na mimi nishike kitu.

Baadaye nikamuuliza kama baba alijua.

"Alijua," mama akasema. "Kuna siku aliachia kiti, nikaisikia mikono yake imetoka, nami nikaenda mbali nikasahau kuanguka. Nilipokumbuka, nikaanguka. Akaja mpaka pale nilipolala, akakaa kwenye nyasi pembeni yangu, tukatazamana. Halafu akaniinua, akanifuta vumbi, akasema haya, Mama Simoni, tuanze tena."